Kata ya Kunywea ya Mwanasha

Siku ya kuniaga, vijana wa idara ya maji walinipa saa ya ukutani. Mtu amestaafu, hana tena pa kuwahi, nanyi mwampa saa. Nawashukuru hata hivyo, imening'inia sebuleni na yaenda vizuri. Lakini baada ya soda na sambusa kijana mmoja aliniuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu pale kwa dakika mbili. Alisema, "Bi Rukia, miaka yote hii kila ukitaka kunywa maji wasema, Mola amrehemu Mwanasha. Mwanasha ni nani?"

Nikamwambia nitaandika. Haya, naandika. Mambo ya vyeo na mishahara siyataji. Waliopandishwa wanajijua, na waliorukwa wanajijua zaidi. Nitaandika juu ya maji ya huku bara, ng'ambo ya kisiwa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, kabla hayajaandikiwa sera, na juu ya kisima kimoja nilichotakiwa kukifunga, ambacho kwa mwenyewe ndicho kilichombakia cha mtoto wake.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya themanini, ofisi ikiwa Changamwe, kwenye kijumba cha bati karibu na matangi. Kazi yangu ilikuwa kuchukua maji ya watu, kuyapeleka maabara na kusema kama yanafaa kunyweka. Aliyenifunza ni Bwana Katana, Mgiriama wa Kisauni, mtu mrefu, mpole, asiyependa kusema jambo mara mbili. Siku ya kwanza alinipa sanduku la barafu na chupa zilizochemshwa, midomo imefunikwa karatasi ya fedha, akanipeleka kwenye bomba la shule moja. Akachovya pamba kwenye spiriti, akaiwasha, akaunguza mdomo wa bomba, akayaacha maji yamwagike kidogo. Kisha akaniambia, "Haya, kinga."

Nikafungua chupa, nikatia maji kidogo, nikasuuza, nikamwaga, halafu ndipo nikakinga. Bwana Katana akaitazama ile chupa, akanitazama mimi.

"Kwa nini umeisuuza?"

"Mama yangu alinifunza," nikamwambia. "Chombo hakitiwi maji ya kunywa bila kusuuzwa."

"Mama yako alikufunza vyema. Lakini chupa hii imechemshwa ndani ya mtambo, ni safi kuliko mkono wako na mkono wangu. Ukiisuuza umeichafua. Chukua nyingine."

Tangu siku hiyo nimewapokea wasichana wengi wa pwani, na kila mmoja huisuuza chupa ya kwanza. Siwacheki sana. Mafunzo ya nyumbani yametuingia damuni, hata serikali haiwezi kuyatoa.

La pili alilonifunza ni kwamba usiombe maji ya kupima. Ukiingia nyumba ya Mswahili ukasema umekuja kupima maji, utaletewa yale ya wageni, ya mtungini, yaliyochujwa kwa kitambaa na kufukizwa udi, ndani ya bilauri yenye maua. Utayapima, utaandika kwamba mtaa una maji mazuri, na watoto wataendelea kuumwa. "Salimia, kaa, ongea," aliniambia Bwana Katana. "Ukishaona wanakochota wenyewe, hapo ndipo pako." Na ndivyo nilivyokuwa, nikizunguka na sanduku langu hadi watoto wa Likoni wakanibandika jina la Bi Chupa. Mpaka leo kuna watu wazima, wana wajukuu, hawajui jina langu jingine.

Sasa niwaeleze maji yalivyokuwa, maana nyinyi mmeyakuta mengine. Bara hizi zetu tatu hazikunywa maji mamoja. Changamwe walikunywa ya chemchemi ya Mzima, yaliyotoka mbali huko upande wa Taita, matamu, mepesi. Kisauni walikunywa ya mto Sabaki, na mto ule mwajua watoka Nairobi. Mvua ikinyesha bara ya mbali kwa wenzetu, sisi Kisauni twakoga matope. Mama mmoja wa pale alinionyesha ndoo yake, maji rangi ya chai ya maziwa, akaniambia, "Bi Chupa, hapa sina haja ya majani, nataka sukari tu." Likoni nao walingojea ya Marere, kutoka vilima vya Shimba, nayo yalikuja yalipojisikia. Yasipojisikia watu walirudi visimani, kama babu zao.

Na ofisi zilikuwa nyingi kuliko maji. Ya mabomba ilikuwa na mkubwa wake. Ya visima vya mashine ilikuwa na mkubwa wake. Vyoo vilikuwa vya watu wa afya, viwanja vilikuwa vya watu wa ardhi, na mito ilikuwa ya watu walioko huko mitoni. Kila mmoja alikuwa na gari lake na faili zake, na hakuna aliyemwuliza mwenziwe kitu. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Kule Kiembeni, nyumba mpya zilipoanza kuota, niliwahi kukuta kisima kimechimbwa kwa kibali halali na shimo la choo limechimbwa kwa kibali halali, ukuta mmoja kati yao. Niliuliza ni nani aliyeruhusu hivyo. Kila ofisi ikanionyesha muhuri wake, na mihuri yote ilikuwa sawa. Tatizo ni kwamba maji ya chini ya ardhi hayajui kusoma muhuri.

Basi tuje Likoni, kwenye miaka ya tisini.

Nyuma ya msikiti mmoja mdogo, katika mtaa wa wenyeji wa tangu na tangu, palikuwa na kisima cha Bi Mwanakombo. Sisi sote tulimwita Bi Mwana. Alikuwa mjane, mkulima wa mihogo na minazi michache, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini ambayo watu huinama kuisikiliza. Kisima alikichimbisha yeye na akakitoa wakfu, yaani si chake tena wala si cha mtu, ni cha Mungu, kila mpita njia anywe. Hakuna aliyelipa. Ukingoni palitundikwa kata, kile kifuu cha nazi chenye mpini mrefu, na dasturi ilikuwa moja tu: kabla ya kunywa useme, Mola amrehemu Mwanasha. Tulijua kwamba Mwanasha alikuwa bintiye aliyefariki mdogo. Zaidi ya hapo hatukujua, wala hatukuuliza. Msikiti nao ulichota humo, ukajaza birika lake la kutawadhia.

Wakati kisima kinachimbwa, kilizungukwa na mihogo. Nilipokwenda kukipima, mihogo ilikuwa imekwisha na mahali pake pamejaa nyumba za kupangisha, vyumba mkabala, ukumbi katikati, choo cha shimo nyuma. Wapangaji walikuwa vibarua wa bandarini na wa viwandani, wengi kutoka bara ya mbali, watu wa kazi, na wote walichota kwa Bi Mwana. Mwaka ule mvua za masika zilikuwa nyingi, watoto wakaanza kuhara, wawili wakafariki mtaani humo.

Nikachukua maji. Pale maabara tulitumia mchuzi wa zambarau ndani ya vichupa. Ukitia maji mazuri, zambarau hubaki zambarau. Ukitia maji yaliyoingiwa na kinyesi cha binadamu, rangi hugeuka manjano, na hewa hujikusanya ndani ya kijichupa kidogo kilichopinduliwa. Vichupa vya kisima cha Bi Mwana viligeuka vyote. Nilirudia. Vikageuka tena. Bwana Katana akavinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akavirudisha taratibu, akasema, "Hapa pana kazi."

Ofisi ya afya ilimleta Bi Kerubo. Alikuwa Mkisii, kijana kuliko mimi, mwenye viatu vizito na asiyezunguka maneno. Alikuja mtaani, akahesabu vyoo, akachungulia kisima, akanigeukia.

"Mimi sina maneno mingi, madam. Hiyo kisima ifungwe. Tujaze mawe, tuweke saruji juu. Watoto wataisha hapa."

"Ni wakfu," nikamwambia.

"Wakfu ni nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, sitamwonea. Kisha akasema, "Sawa, nimeelewa ni ya Mungu. Lakini hao watoto pia ni wa Mungu."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonikera. Lakini nilimjua Bi Mwana. Kwetu, mtu akifa, amali zake hukatika isipokuwa chache, na mojawapo ni sadaka inayoendelea. Kila aliyekunywa pale alimpelekea yule mtoto thawabu. Ukijaza mawe umemkatia marehemu riziki yake, na mamake yu hai anatazama. Sikuwa na moyo wa kwenda kumwambia. Nikamwomba Bi Kerubo anipe nafasi nijaribu dawa kwanza, akakubali, huku amekunja uso.

Dawa yenyewe ilikuwa chungu chenye tundu, ndani mchanga uliochanganywa na unga wa klorini, kinateremshwa kisimani kwa kamba na dawa inatoka kidogo kidogo. Tuliifanya kazi hiyo Alhamisi jioni, mimi na Bwana Katana. Bi Mwana alisimama karibu akauliza ni nini, nikamjibu ni dawa ndogo tu ya kusafisha. Aliridhika. Nikalala usingizi mzuri.

Kesho yake ni Ijumaa. Watu wakaja kutawadha, wakafungulia birika, harufu ikawapiga puani. Mmoja akasukutua, akatema. Wakamwita imamu wao, Maalim Shee, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na macho ya kucheka, ambaye alikuwa amenisomesha Kurani chuoni nikiwa mtoto. Akanusa, akaonja, akatikisa kichwa. Maji yamebadilika harufu na ladha. Na kila mtoto aliyepita chuoni ajua kwamba maji ya kutawadhia huangaliwa sifa tatu, rangi, ladha na harufu. Zikibadilika kwa kitu kigeni, hapo pana maneno. Maalim hakutaka kuiweka swala ya Ijumaa ya watu wote kwenye shaka, akawaambia watafute maji mengine. Wakaenda kwenye kijisima cha zamani nyuma ya nyumba za kupangisha, hatua chache kutoka vyooni, kilichokuwa kimeachwa kwa sababu kilinuka kidogo wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua hakikunuka. Wakachota hapo, wakatawadha, na kwa kuwa ndoo zilikuwa mikononi wakachukua na ya kunywa. Wapangaji nao, walioona watu wa dini wamehama kisima, wakahama pia.

Dawa yangu iliwatoa watu kwenye maji mabaya ikawapeleka kwenye maji mabaya zaidi. Bwana Katana aliposikia alikaa kwenye sanduku la barafu akacheka mpaka akafuta machozi. "Mimi Mgiriama sikujua," alisema. "Lakini wewe, Bi Rukia, umesomea wapi?" Nilisoma palepale, kwa Maalim yuleyule, na hizo sifa tatu nilizisema kwa ghibu nikiwa na miaka saba. Kazini nilikuwa nimejifunza kuziacha mlangoni.

Hapo Bwana Katana akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia katika ofisi yoyote. Alisema, "Kila mtu hapa anajua kipande chake. Tuwaketishe pamoja." Sasa hivi mnasema hivyo kila Jumatatu. Wakati ule mtu wa maji kumwalika mtu wa vyoo na imamu katika kikao kimoja lilikuwa jambo la kuchekwa.

Tuliketi kwenye baraza ya Bi Mwana baada ya alasiri. Bi Mwana alileta kahawa na visheti. Maalim Shee alikaa upande mmoja, Bi Kerubo upande mwingine na viatu vyake, mimi na Bwana Katana kati.

"Rukia," akaanza Maalim.

"Abee, Maalim."

"Nambia kweli. Kabla hujatia dawa, maji haya yalikuwa yamebadilika rangi?"

"La."

"Ladha? Harufu?"

"La, Maalim."

"Na ni mengi, yapita kulateni, kile kipimo cha maji mengi. Basi kwa sheria yalikuwa twahara, na sala zetu zilikuwa sahihi." Alinywa kahawa kidogo. "Lakini twahara ni kwa ajili ya sala. Sikusema yafaa kunywewa. Sumu nayo yaweza kuwa twahara, na ukiinywa utakufa ukiwa na udhu."

Bi Kerubo akacheka, ikawa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka. Maalim akamgeukia. "Mwanangu, ukitaka watu wasinywe, nitawaambia kwenye mimbari Ijumaa ijayo. Ukitaka kisima kijazwe mawe, sina ruhusa hiyo. Watu watatawadha, watafua, watajengea. Wakfu ubaki wakfu."

"Na maji ya kunywa watatoa wapi?" akauliza Bi Kerubo. Huo ndio uliokuwa mzizi wa mambo, maana bomba la Marere liliishia barabarani, mbali na pale.

Kabla hatujajibu, Bi Mwana akasema, "La."

Alisema kwa ile sauti yake, sote tukainama.

"Kutawadha watatawadha, siwakatazi. Lakini mimi sikuchimba kisima cha kutawadhia. Nilichimba watu wanywe." Akaweka sinia chini, akaikunja mikono mapajani. "Mwanasha aliumwa. Alihara siku nzima na usiku. Wakati huo wazee walituambia mtoto anayehara hapewi maji, maji yatamwongezea. Nami nikawasikiliza. Alikuwa anasema, mama, maji. Nikimwambia, ngoja mwanangu. Akisema, mama, maji kidogo. Nikautoa mtungi chumbani asiuone. Alikufa ana kiu, na mtungi umejaa. Baada ya arubaini nikauza vipuli vyangu na bangili zangu, nikaita wachimbaji. Nilitaka asibaki mtu na kiu mbele ya mlango wangu. Sasa mwataka niwaambie watu wasinywe?"

Nilitamani Bwana Katana aseme kitu, naye alikuwa akitazama ardhi. Bi Mwana akanitazama mimi.

"Hivyo vidudu vyako, Rukia. Vyaleta maradhi gani?"

"Tumbo, Bi Mwana."

"Tumbo gani?"

Nilikuwa nimeomba Mungu asiniulize hivyo. "La kuhara."

"Kama lake."

"Kama lake, Bi Mwana."

Nilidhani atalia, hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikajifuta kwa ncha ya buibui, nikaona haya mbele ya mtu wa afya. Kisha Bi Mwana akainuka, akazunguka nyumba, akaenda kisimani. Tulimwona akiitundua ile kata, akaipangusa kwa kanga yake, akarudi nayo.

"Bomba lenu liko wapi?" akauliza.

Bwana Katana akamwambia liko barabarani.

"Basi lileteni. Pale mbele kwenye muembe wangu mdogo, chukueni pahali. Natoa mimi. Na mpaka lije, kata hii itakaa nami." Akaingia ndani.

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, lakini sijawahi kupewa amri kama ile. Maalim alisema mimbarini alivyoahidi, chungu changu cha dawa kikatolewa, watu wakarudi kutawadha. Kijisima cha nyuma Bi Kerubo alikijaza mawe siku ileile ya kikao, na hakuna aliyekililia. Bwana Katana alitafuta bauza, lile lori la maji, likawa linakuja, siku nyingine kwa wakati, siku nyingine likipenda. Bi Kerubo akawafuata wenye nyumba mmoja mmoja juu ya mashimo yao, na wale waliodhani mwanamke mdogo atachoka walikuja kugundua ubora wa viatu vyake. Mimi nilipita kwa Bi Mwana kila nilipokwenda Likoni, na kila nikipita aliniuliza bila salamu, "Limefika?" Nikimwambia bado, hujibu, "Haya, kaa ule."

Mwisho akachoka kuniuliza. Asubuhi moja tulikwenda sote kwa mhandisi wa mabomba, bila miadi. Yule bwana alinyanyua kichwa akaona mlangoni pake imamu, Mgiriama, Mkisii, Bi Chupa, na mama mtu mzima wa buibui ameshika kata. Akasimama bila kujua kwa nini amesimama.

"Shikamoo, mama," akamwambia Bi Mwana.

"Marahaba, mwanangu." Akaiweka kata juu ya meza yake, juu ya ramani. "Nimekuletea. Nataka unitilie maji."

Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Alitueleza kwamba maji ya Marere yakifika kule huwa hayana nguvu, kwa kuwa njiani yanavuja na wengine wametoboa bomba kwa siri. Bi Kerubo akasema yeye anazijua nyumba zenye vyoo vya kuvuta na hazina mita. Bwana Katana akasema anajua panapovuja, kwa sababu ndipo nyasi hazikauki. Maalim akasema watu wake watachimba mtaro wenyewe. Yule bwana aliandika, akaandika, kisha akaweka kalamu chini na kusema, "Mbona hamkuja pamoja zamani?" Kata Bi Mwana aliibeba akarudi nayo, alisema hawezi kuiacha ofisini itapotea, na katika hilo hakukosea.

Bomba lilifika kabla ya mvua za vuli. Watu walikusanyika kama harusini. Fundi alifungua, likatoa hewa, likakohoa, likatoa kutu, halafu maji. Nikaunguza mdomo wa bomba kwa pamba, nikakinga chupa yangu, bila kusuuza, na siku zilizofuata kila nilipotazama vichupa vilibaki zambarau. Nilipoleta habari hiyo, Bi Mwana alitoka na kata. Kila mtu alidhani atakunywa yeye. Akakinga, akampa Bi Kerubo.

"Sema kwanza," akamwambia.

Bi Kerubo akanitazama, nikamwambia maneno. Akasema polepole, kwa matamshi ya kwao, "Mola amrehemu Mwanasha." Akanywa yote. Bi Mwana akaitundika kata kwenye nguzo ya bomba, akarudi ndani, na tulimsikia huko ndani akilia. Tulimwacha alie. Miaka yote ile hakuwa amelia mbele ya mtu.

Miaka ya tisini ilipokaribia mwisho tukaitwa kwenye warsha hotelini, pwani ya kaskazini, watoe maoni wadau wote. Rasimu ya sera ya taifa ya maji ilikuwa mezani. Ilisema maji ya mto, ya kisima na ya bomba yatazamwe kuwa kitu kimoja, kwamba kunywa kwa binadamu kutangulie matumizi mengine, kwamba wanaopanga viwanja, vyoo na mabomba wasikilizane, na wanaoyatumia maji washirikishwe. Bwana Katana, ambaye alikuwa amekaribia kustaafu, alisoma kwa miwani yake ya kamba, akaninong'oneza, "Bi Rukia, hii ni baraza ya Bi Mwana. Hawajaandika visheti tu." Sikucheka kwa dharau. Nilifurahi kwelikweli. Walioiandika walikuwa wamefikiri sana, na kuna nchi nzima ya kuiangalia, si mtaa mmoja. Nataka tu mkumbuke, mnapoisoma sasa na kuona ni maneno makavu, kwamba nyuma ya kila sentensi mle ndani pana mahali watu walipoumwa na matumbo kabla haijaandikwa.

Bi Mwana alifariki kabla ya mimi kustaafu. Kisima chake kipo, watu watawadha kama kawaida. Kata ilivunjika zamani, wakatundika kikombe cha plastiki kwa mnyororo. Wenyeji wa mtaa ule wengi wamehama au wamekufa, wapangaji wamejaa, na wapangaji nao hubadilika.

Wiki iliyopita, kwa kuwa sasa nina saa ukutani na sina pa kwenda, nilivuka na feri nikaenda kulitazama lile bomba. Nikakuta foleni. Mbele yangu alikuwa mama mmoja kijana wa Kikamba, ana mtoto mgongoni na mtungi wa plastiki wa manjano. Zamu yake ilipofika alishika kikombe kwanza, akakijaza, akasema, "Mungu amrehemu Mwanasha," akanywa kidogo, akamnywesha mtoto.

Nikamwuliza, "Mwanangu, Mwanasha ni nani?"

"Sijui, mama," alisema. "Sisi tumehamia juzi. Nimeambiwa ni mtoto aliyekuwa na kiu."

Akafunga bomba, akajitwika mtungi wake, akaniachia kikombe.